Kura Mbili za Ohio: Bangi, Mimba na Dhamiri ya Mkristo

Tarehe 7 Novemba 2023 wapiga kura wa jimbo la Ohio, Marekani, walikabidhiwa karatasi yenye maswali mawili mazito. Hoja ya 1 iliuliza kama katiba ya jimbo iandike haki ya mtu kujiamulia mambo ya uzazi, ikiwemo kutoa mimba. Hoja ya 2 iliuliza kama mtu aliyetimiza miaka 21 aruhusiwe kununua, kumiliki na kupanda bangi. Kwa ndugu zetu wanaosali kwa Kiswahili katika jimbo hilo, waliotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, wengi wao wakiwa wameapishwa uraia miaka ya karibuni tu, swali lilikuwa moja: Mchungaji, tupige ndiyo au hapana?

Wachungaji wengine walijibu moja kwa moja. Sheria ya kodi ya Marekani, tangu 1954, inalikataza kanisa kumpigia debe mgombea, lakini kuhusu hoja za namna hii kanisa linaruhusiwa kusema, mradi jambo hilo lisiwe sehemu kubwa ya kazi yake. Wengine walinyamaza. Sisi tunadhani palikuwa na jibu la tatu ambalo halikutolewa vya kutosha, nalo limo katika historia ya Ohio yenyewe. Hatukuisoma historia hiyo Goma wala Kigoma, na maswali ya mtihani wa uraia hayaigusi. Lakini waumini wa Ohio walikwisha kupita njia hii kabla yetu, tena mara mbili, na mara zote mbili walitoka katika mji mmoja mdogo uitwao Oberlin.

Kwanza tuseme jinsi wananchi walivyopata kuulizwa. Mwaka 1912 Ohio iliitisha mkutano wa kurekebisha katiba yake mjini Columbus, na mwenyekiti wake alikuwa mhubiri, Herbert Bigelow wa Cincinnati. Kilio cha Bigelow na wenzake kilikuwa kwamba makampuni makubwa yamewaweka wabunge mfukoni. Basi raia wa kawaida awe na uwezo wa kukusanya sahihi na kupeleka hoja kwenye kura bila kumpigia magoti mbunge. Mkutano ulitoa mapendekezo 42. Tarehe 3 Septemba mwaka huo wapiga kura walikubali 34, likiwemo hilo la sahihi, wakakataa 8. Miongoni mwa yaliyokataliwa lilikuwamo la kuwapa wanawake haki ya kura, na wenye viwanda vya bia walifurahi, kwa sababu walijua wanawake hao wangepigia nini.

Milango iliyofunguliwa siku hiyo ilikuwa miwili, na ni vema tuieleze, kwa kuwa mwaka 2023 wengi waliipita bila kuitazama. Mlango mmoja ni wa kurekebisha katiba: unadai sahihi nyingi zaidi, na kinachopita pale bunge la jimbo haliwezi kukigusa bila kurudi kwa wananchi. Mlango wa pili ni wa kutunga sheria ya kawaida: sahihi ni chache, lakini bunge linaweza kuibadilisha siku yoyote. Hoja ya 1 ilipita mlango wa kwanza, Hoja ya 2 mlango wa pili. Mtu aliyezipigia zote mbili bila kujua tofauti hii alikuwa kama anayetia sahihi mikataba miwili ya nyumba, mmoja wa kununua na mwingine wa kupanga, akidhani ni sawa.

Sasa habari ya pombe. Desemba 1873, katika mji wa Hillsboro, Eliza Thompson, binti wa gavana wa zamani, aliwaongoza wanawake kutoka kanisani hadi kwenye vilabu vya pombe. Walipiga magoti ndani, penye vumbi la mbao na mate ya walevi, wakawaombea wauzaji. Waume zao walikuwa wakinywa mishahara yote, na mwanamke wa wakati ule hakuwa na kura wala njia rahisi ya kudai talaka. Mwaka uliofuata wanawake hawa na wenzao walikutana Cleveland wakaunda umoja wa wanawake Wakristo wa kupinga ulevi. Si wote waliotumia magoti. Katika kijiji cha Westerville, mwaka 1875, mtu mmoja aitwaye Corbin alipofungua kilabu, kililipuliwa kwa baruti; alipojaribu tena 1879, kikalipuliwa tena. Hilo hatuwezi kulisifu.

Mwaka 1893, huko Oberlin, mchungaji Howard Hyde Russell alianzisha Anti-Saloon League, chama cha kupigana na vilabu kwa njia ya kura. Mwaka 1909 kiwanda chake cha kuchapa kilihamia Westerville, na kijiji hicho kikaanza kutuma vipeperushi nchi nzima kwa wingi wa kushangaza. Makanisa ndiyo yaliyokuwa mishipa yake: fedha zilitoka kwenye sadaka, wasemaji walipewa mimbari. Mtu wake hodari kuliko wote, Wayne Wheeler, alisoma Oberlin. Mbinu yao ilikuwa kali na rahisi. Hawakujali kama mgombea mwenyewe anakunywa. Walijali atapigaje kura. Mlevi aliyepiga kura vizuri walimsaidia ashinde, na mtu mnyoofu aliyesita walimwangusha. Kwetu sisi ufa ulianzia hapo: kanisa lilianza kuhesabu kura badala ya kuhesabu watu walioacha chupa.

Walitumia mlango ule wa Bigelow bila kuchoka. Marufuku ya pombe ilipelekwa kwa wapiga kura wa Ohio mwaka 1914, ikashindwa. Mwaka 1915 ikashindwa. Mwaka 1917 ikashindwa kwa kura zinazozidi kidogo tu 1,000. Mwaka 1918 ikashinda, na tangu Mei 1919 Ohio ikawa kavu. Lakini Novemba 1919, wananchi walewale walipoulizwa kama wanaunga mkono marufuku ya nchi nzima, walikataa kwa tofauti isiyofika kura 500. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hawakuwa na haki ya kuulizwa jambo hilo. Ukitazama namba hizi unaona jimbo lililogawanyika katikati, likitawaliwa kana kwamba limekubaliana.

Yaliyofuata yanajulikana. Huko Cincinnati, George Remus, mfamasia aliyegeuka wakili, aligundua kwamba sheria iliruhusu wiski ya dawa. Akanunua viwanda vya wiski, akanunua kampuni za dawa, akajiuzia mwenyewe, akatajirika hadi alipofungwa. Mwaka 1930 maskini walioshindwa kununua wiski ya Remus na wenzake walikunywa dawa ya tangawizi iliyochanganywa na sumu, na maelfu nchini, wakiwemo watu wa Cincinnati, wakapooza miguu. Sisi tuliokulia penye gongo, chang'aa na kanyanga hatuhitaji kuelezwa zaidi. Hata hivyo tusiwe wepesi wa kucheka. Katika miaka ya kwanza ulevi ulipungua kweli, na vifo vya ugonjwa wa ini vilishuka. Wanawake wa Hillsboro hawakuwa wajinga. Ila tarehe 5 Desemba 1933 marufuku ilifutwa, Ohio ikiwa mojawapo ya majimbo matatu yaliyopitisha uamuzi siku hiyohiyo, na kanisa lilijikuta limepoteza sheria na limepoteza sikio la watu pia. Westerville yenyewe ilishikilia ukavu wake muda mrefu; glasi ya kwanza halali ya bia katikati ya mji iliuzwa mwaka 2006.

Mkristo aliyefika kwenye Hoja ya 2 akiwa na habari hii mkononi hakuwa mtupu. Bangi ilikuwa imekwisha kubisha hodi Ohio. Mwaka 2015 hoja ya kuihalalisha ilikataliwa na karibu asilimia 64, na hata watu wasiochukia bangi waliikataa, kwa sababu ilitaka kuwapa wafadhili wake wenyewe mashamba 10 pekee ya kuilima kibiashara. Mwaka 2016 bunge la jimbo liliiruhusu kama dawa, na sisi tuliosoma habari za Remus tunaruhusiwa kutabasamu kidogo. Hoja ya 2 ya 2023 iliruhusu gramu kama 70 kwa mtu mzima, miche 6 kwa mtu au 12 kwa nyumba, kodi ya asilimia 10, na iliziachia serikali za miji uwezo wa kukataa maduka.

Waliosema hapana walikuwa na hoja ya kweli: kinachouzwa dukani kwa taa na matangazo kinawafikia vijana kwa urahisi kuliko kinachouzwa gizani, na bangi ya leo ina nguvu kuliko ile waliyoivuta wazee. Waliosema ndiyo nao walikuwa na hoja ya kweli. Ripoti ya ACLU ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba Marekani mtu mweusi alikuwa na uwezekano wa kukamatwa kwa kosa la bangi zaidi ya mara tatu kuliko mzungu, ilhali matumizi yao yanalingana. Watoto wetu ni weusi. Polisi akisimamisha gari haulizi kama babake alizaliwa Uvira. Kwa maoni yetu hili ni swali la aina ya Westerville. Kwamba mwili ni hekalu, na kwamba akili iliyolewa haiwezi kukesha, hayo hayakuwa kwenye kura. Yaliyokuwa kwenye kura ni kama polisi na gereza ndio walinzi wafaao wa hekalu hilo. Watu wawili wa imani moja wangeweza kulijibu tofauti na kukaa benchi moja Jumapili.

Je, tulichukue jibu hilohilo tuliweke kwenye Hoja ya 1? Wapo waliofanya hivyo. Walisema: kutoa mimba ni dhambi, lakini sheria haiwezi kuondoa dhambi, tazameni pombe. Ni hoja fupi na tamu, na tunaona haitoshi, kwa sababu kabla Oberlin haijawa mji wa kupinga pombe ilikuwa na habari nyingine.

Tarehe 13 Septemba 1858, wakamata watumwa walimteka karibu na Oberlin kijana aitwaye John Price, aliyetoroka utumwa Kentucky. Sheria ya nchi ya mwaka 1850 ilikuwa upande wao. Walimpeleka Wellington kungoja treni. Watu wa Oberlin, weusi kwa weupe, wanafunzi, walimu, mafundi na wenye maduka, walikimbilia Wellington, wakaizingira hoteli, wakamtoa. Kijana alifichwa nyumbani kwa James Fairchild, aliyekuja kuwa mkuu wa chuo cha Oberlin, kisha akavushwa kwenda Kanada. Watu 37 walishtakiwa. Wawili walipatikana na hatia: Simeon Bushnell, mzungu, na Charles Langston, mweusi, ambaye aliiambia mahakama waziwazi kwamba mtu kama yeye hana haki mbele ya baraza la wazungu watupu. Hakimu aliguswa, akampa kifungo cha siku 20.

Watu hao wangeshangaa kuambiwa kwamba imani ikae moyoni na sheria ikae bungeni. Wao waliona mtu, na sheria iliyomkana kuwa mtu, wakasema sheria ndiyo iondoke. Kwa hiyo anayepinga utoaji mimba akasema, mtoto aliye tumboni ndiye John Price wa leo, hasemi jambo geni; anasema jambo la Oberlin. Anaamini Zaburi inayozungumza juu ya Mungu anayemwona mtu kabla hajaumbika. Maaskofu wa Kikatoliki wa Ohio walipinga Hoja ya 1 kwa msingi huo, na makanisa mengi ya kiinjili pamoja nao.

Lakini wapo Wakristo, wakiwemo wachungaji wa kanisa la United Church of Christ lenye makao yake Cleveland, walioisoma habari ileile wakamwona Price katika mwanamke: mtu ambaye mwili wake sheria inauweka mikononi mwa mwingine. Nao walikuwa na mfano uliotokea hapohapo. Sheria ya Ohio iliyotiwa sahihi Aprili 2019 ilizuia kutoa mimba mara mapigo ya moyo yanaposikika, yaani kama wiki ya sita, bila kumwondoa aliyebakwa. Ilianza kutumika tarehe 24 Juni 2022, siku ambayo Mahakama ya Juu ilifuta uamuzi wa Roe, na ikazuiwa na mahakama Septemba mwaka huo. Katikati ya miezi hiyo mtoto wa miaka 10, aliyebakwa, alivushwa kutoka Ohio hadi Indiana kupata huduma. Tulizungumza na ndugu wenye msimamo mkali juu ya uhai wa mimba, na habari hii iliwanyamazisha. Si kwamba waliacha msimamo. Walinyamaza tu.

Lugha yetu wenyewe ilituwekea mtego. Tunasema mimba imetoka, na tunasema mimba imetolewa. Herufi chache hutenganisha msiba na kosa, na vyote viwili hospitalini tunaviita kusafishwa. Hoja ya 1 haikuhusu kutoa mimba peke yake. Ilitaja pia uzazi wa mpango, matibabu ya ugumba, kuendelea na ujauzito na huduma ya mimba iliyoharibika. Iliruhusu jimbo kuzuia utoaji baada ya mtoto kufikia uwezo wa kuishi nje ya tumbo, isipokuwa daktari akiona uhai au afya ya mama iko hatarini. Wapinzani walionyesha kwamba haikutaja ridhaa ya wazazi kwa binti mdogo, na hofu yao haikuwa ya kubuni. Hata maneno ya karatasi yaligombewa: bodi ya jimbo iliandika muhtasari wenye maneno "mtoto ambaye hajazaliwa" mahali ambapo hoja yenyewe ilitumia neno la kitabibu, kijusi, na Mahakama Kuu ya Ohio ikauacha muhtasari huo karibu kama ulivyo. Anayetegemea muhtasari amekwisha kuamuliwa nusu. Tena mnamo Agosti 2023 kulikuwa na Hoja ya 1 nyingine, ya kutaka marekebisho ya katiba yahitaji asilimia 60, ambayo watu waliikataa. Waliozoea kusema hapana kwa Hoja ya 1 Agosti walipaswa kuamua upya Novemba, namba ileile, jambo jingine kabisa.

Ndugu zetu Wakenya walikuwa wamepita hapa. Tarehe 4 Agosti 2010 walipigia kura katiba mpya, na makanisa mengi yaliwaambia wachague rangi nyekundu, yaani hapana, kwa sababu ya mahakama za kadhi na kifungu cha 26. Kifungu hicho kinasema uhai huanza mimba inapotungwa; kisha, mistari michache chini, kinaruhusu utoaji pale mtaalamu wa afya anapoona maisha au afya ya mama iko hatarini. Karibu asilimia 67 walichagua kijani. Baadhi ya waumini walituambia walitenda kinyume cha askofu wao kwa mara ya kwanza maishani, na bado hawajui kama walimwasi au walitimiza wajibu.

Katika Mathayo 19 Bwana aliulizwa juu ya talaka. Alisema Musa aliruhusu kwa ajili ya ugumu wa mioyo, lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Hakumkemea Musa kwa kutunga sheria ile, wala hakusema sheria ile ndiyo mapenzi ya Mungu. Tunaliweka hapa kwa sababu pande zote mbili hulipita haraka. Anayesema kila dhambi iwe jinai ana Musa wa kumjibu. Anayesema kilichoruhusiwa kisheria kimekwisha kuwa chema ana Bwana mwenyewe wa kumjibu.

Na anayelitaja jina la Oberlin, awe wa ndiyo au wa hapana, aangalie kilichowagharimu. Fairchild alitoa chumba chake. Bushnell alifungwa siku 60. Kusema binti asitoe mimba ni kumwambia kuna nyumba itakayompokea, kuna atakayelipa hospitali na chakula cha mtoto, na jina lake halitatajwa kwenye kikao cha wazee. Kusema aachiwe aamue mwenyewe ni kuahidi kwamba hatasukumwa na mpenzi, na mwajiri, wala na umaskini, maana aliyesukumwa hakuamua. Tunavifahamu vikundi vya akina mama vilivyofanya la kwanza vizuri sana. Sharika zilizofanya lolote kati ya hayo ni chache kuliko zilizotangaza msimamo.

Hoja zote mbili zilipita, kila moja kwa takriban asilimia 57. Tarehe 24 Oktoba 2024 mahakama ya kaunti ya Hamilton iliifuta ile sheria ya mapigo ya moyo kwa msingi wa marekebisho mapya. Bangi, kwa kuwa ilipita mlango wa pili, iliachwa mikononi mwa bunge.

Maswali yanayotufikia sasa ni ya namna nyingine. Mwanamke ambaye mimba yake imeharibika anauliza kama daktari atamhudumia mara moja au atampigia wakili simu kwanza. Kwake jibu limo katika katiba ya jimbo, na ajue hivyo. Kijana mwenye grini kadi anauliza kama duka la bangi la mtaani, lenye leseni ya Ohio, linaweza kumharibia fomu ya uraia. Linaweza. Kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 bangi bado ni dawa inayodhibitiwa, na tangu Aprili 2019 idara ya uhamiaji imeweka wazi kwamba kuitumia, au hata kuajiriwa dukani humo, kunaweza kuhesabiwa kuwa ukosefu wa mwenendo mwema, hata kama jimbo limeruhusu. Asinunue, asiombe kazi hiyo, na kabla hajajibu swali lolote la ofisa kuhusu jambo hili amwone wakili wa uhamiaji.